Kufunga na kulenga darubini ndogo ya nyota ukiwa karibu na ikweta: mwongozo kamili

Kijitabu kinachokuja ndani ya boksi la darubini kwa kawaida kimeandikwa kwa ajili ya mtu anayeishi Ulaya au Marekani. Ukishafunga stendi kinakuambia uitafute Polaris, nyota ya kaskazini, uuelekeze mhimili wa stendi huko, basi. Aliye Dar es Salaam ataitafuta mpaka kuche. Dar iko digrii 6.8 kusini ya ikweta, na kwa huku Polaris haichomozi kabisa, iwe Januari au Julai. Nairobi hali ni hiyohiyo, ingawa pale inakosekana kwa kiasi kidogo tu. Kampala, iliyo kaskazini ya ikweta kwa theluthi moja ya digrii, Polaris inaweza kugusa upeo wa macho, yaani palepale penye vumbi, ukungu na mapaa ya watu.

Kwa hiyo tuanzie hapa tulipo. Kama unataka kuangalia kwa jicho tu, bila kamera, kazi ya kulenga darubini karibu na ikweta ni nyepesi kuliko kijitabu kinavyoifanya ionekane. Inachohitaji ni stendi inayofaa, au kujua namna ya kuibembeleza ile isiyofaa.

Tazama kwanza ulichonacho

Darubini ndogo ni za aina mbili. Ya lenzi ina bomba jembamba na unachungulia kwa nyuma. Lenzi yake kuu huwa na upana wa mm 60 au 70. Ya kioo, aliyoibuni Newton, ina bomba nene na unachungulia ubavuni, karibu na mdomo. Kioo chake huwa mm 76, 114 au 130. Tafuta namba zilizoandikwa ubavuni. Ikiwa 70/700, upana ni mm 70 na urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka lenzi au kioo kikuu hadi picha inapokusanyika, ni mm 700. Ikiwa 76700, ni mm 76 kwa 700.

Ukuzaji unaupata kwa kugawa urefu wa fokasi kwa namba iliyo kwenye lenzi ya jicho, kile kilenzi unachokitumbukiza upande wa kuchungulia. Darubini ya 700 ukiiwekea lenzi ya mm 25 inakuza mara 28. Ukiweka ya mm 10, mara 70. Lile tangazo la "mara 525" kwenye boksi limetokana na kuchukua lenzi ya mm 4 kisha kuizidisha mara tatu kwa lenzi ya Barlow. Hesabu ni sahihi, picha ni uji. Kikomo cha kweli ni kama mara mbili ya upana kwa milimita: darubini ya mm 70 isivuke mara 140, na kwa anga la pwani hata hapo hufiki usiku mwingi. Lenzi ya mm 4 na Barlow ya plastiki viweke kwenye droo.

Halafu stendi. Hapa ndipo mambo yote ya kulenga yalipo. Kuna stendi ya kawaida, inayokwenda juu-chini na kushoto-kulia. Kuna ya Dobson, ambayo ni hiyohiyo ila bomba limekaa kwenye sanduku la mbao lililo chini au juu ya meza. Kuna ya ikweta, yenye mhimili uliolala mshazari, chuma cha uzito kinachoning'inia na nyaya mbili za kuzungushia. Na kuna ya kompyuta, yenye rimoti na mota. Jina la stendi ya ikweta lisikudanganye. Aliye kwenye ikweta ndiye inayemsumbua kuliko wote.

Kama bado hujanunua, chukua ya Dobson yenye kioo cha mm 130 au 150. Kwa maeneo yetu sioni sababu ya mtu anayeanza kulipia kitu kingine.

Kazi ya mchana

Usifungue boksi usiku. Skrubu ikianguka kwenye majani gizani imekwenda. Fungua mchana, sebuleni, kwenye mkeka.

Anza na miguu ya stendi. Irefushe kwa kiasi tu, sentimita chache, na ukae kwenye kiti au ndoo iliyopinduliwa unapotazama. Miguu ya alumini ikivutwa hadi mwisho hutetemeka kila ukigusa bomba, na kwa ukuzaji wa mara 70 mtetemo mdogo unairusha nyota nje ya duara. Sahani ya katikati inayoshika miguu ikaze barabara. Wengi huiona ni pa kuwekea lenzi tu, kumbe ndiyo inayozuia miguu isipanuke. Ukitaka stendi itulie zaidi, ning'iniza chupa ya maji ya lita 5 chini ya kichwa chake.

Funga bomba kwenye pete au reli yake, kisha kilengeo, ile darubini ndogo au kidude chenye kinukta chekundu kinachokaa juu ya bomba. Kazi ya kilengeo ni kukuonyesha bomba linaangalia wapi, kwa sababu ndani ya lenzi ya jicho unaona kipande kidogo mno cha anga. Ukikosea hapa, usiku mzima utaitafuta sayari ya Mshtarii (Jupiter) iliyo mbele ya macho yako.

Kilengeo kinapangwa mchana hivi. Toka nje, chagua kitu kisichosogea kilicho mbali, si chini ya nusu kilomita: ncha ya mnara wa simu, mwezi wa juu ya msikiti, msalaba wa kanisa. Tia lenzi ya mm 25. Zungusha kitufe cha fokasi taratibu mpaka picha ikae sawa. Kwa darubini ndogo kitufe kinaweza kuhitaji mizunguko mingi, usikate tamaa njiani. Ncha ya mnara iweke katikati kabisa ya duara, kaza stendi, kisha uiache. Sasa hamia kwenye kilengeo. Kina skrubu mbili au tatu pembeni. Zigeuze, moja ilegeze huku nyingine ukiikaza, mpaka ile ncha ya mnara ikae kwenye msalaba au chini ya kinukta chekundu. Rudi kwenye lenzi ya jicho uhakikishe hujaisogeza. Kisha badilisha lenzi, weka ya mm 10, urudie. Mnara utaonekana miguu juu, au kushoto kumekuwa kulia. Hakuna kilichoharibika, kwa nyota haidhuru.

Kwa nini nusu kilomita? Kwa sababu kilengeo na bomba havipo mahali pamoja. Ukivipatanisha kwenye nguzo ya umeme iliyo mbele ya nyumba, vitakuwa vimekutana hapo, na mbali zaidi kila kimoja kinakwenda zake.

Na jua: usilielekezee bomba wala kilengeo hata kwa nukta moja. Jicho linaungua bila maumivu. Ukimaliza, ziba mdomo wa bomba na wa kilengeo, na usiiache darubini imesimama uani mchana palipo na watoto. Ukikuta ndani ya boksi kichujio cha jua kinachofungwa kwenye lenzi ya jicho, kivunje ukitupe. Kinakaa pale pale joto linapokusanyika, na kinaweza kupasuka ghafla. Kichujio salama ni kile kinachoziba mdomo wote wa mbele.

Mahali pa kusimama

Paa la zege linavutia, kwa sababu liko juu na halina taa. Lakini zege lililopigwa na jua tangu asubuhi huendelea kutoa joto hadi usiku mkubwa, na nyota huonekana zinachemka. Isitoshe, nondo zilizo ndani yake hupotosha dira ya simu. Udongo au majani ni bora kuliko zege, na zege ni bora kuliko balkoni.

Bomba litolewe nje nusu saa kabla ili lilingane na hewa. Anayelala na kiyoyozi pwani ana tatizo la ziada: ukitoa darubini baridi kwenye hewa ya Dar au Mombasa, lenzi inafuka mvuke papo hapo. Itoe ikiwa bado ndani ya begi lake, begi limefungwa, uifungue ikishapata joto la nje.

Kwa wakati, huku giza haliji polepole. Jua likizama saa kumi na mbili na nusu, kabla ya saa mbili kasoro kumi anga limeshaiva. Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo mizuri kuliko yote kwa sehemu kubwa ya Tanzania. Masika, weka darubini kabatini.

Stendi ya kawaida na ya Dobson

Hapa hakuna kulenga mhimili popote. Weka stendi, hakikisha haichezi, tazama.

Upungufu wake ni mmoja: dunia inazunguka digrii 15 kwa saa, yaani digrii moja kila dakika nne, na wewe ndiye mota. Kwa lenzi ya mm 25 kwenye darubini ya 700 una kama dakika sita au saba kabla kitu hakijavuka duara lote. Kwa ya mm 10 ni kama tatu. Zoea kukiweka kitu ukingoni, upande kinakotokea, ukiachie kipite. Mwezi na sayari huku hupanda karibu wima kutoka mashariki, kwa hiyo saa za mwanzo unasogeza bomba juu tu, na baada ya kuvuka kilele unalishusha. Kwa mtu wa London mikono yote miwili ina kazi muda wote.

Pana mahali pamoja pagumu: utosini. Stendi ya aina hii ikielekezwa juu kabisa, kusogea kidogo kwa nyota kunadai uzungushe sanduku zima, na bomba linakataa. Kwetu hili si jambo dogo, maana Mshtarii na Zohali (Saturn) hupita karibu na utosi kila mwaka zinapoonekana. Dawa ni subira. Kitu kilicho utosini saa tatu, saa nne kitakuwa kimeinama digrii 15 magharibi, na hapo kinashikika vizuri. Usilalamike sana lakini: sayari ikiwa juu unaiona kupitia hewa kidogo, na watazamaji wa Ulaya huililia bahati hiyo kila Zohali inapoambaa juu ya mapaa yao.

Kama unashindwa kupata vitu kwa macho, kuna njia ya kifundi. Fungua Stellarium, programu ya ramani ya nyota, kwenye simu, bonyeza kitu unachokitaka, soma kimo chake kwa digrii. Kisha weka juu ya bomba kipimo cha pembe cha kidijitali, kile cha sumaku wanachotumia mafundi seremala, au programu ya pimamaji ya simu. Inua bomba mpaka namba zilingane. Sasa zungusha kushoto na kulia polepole huku unachungulia kwa lenzi ya mm 25, na kitu kitapita mbele yako. Ila sanduku liwe limelala sawasawa. Hapo pimamaji ya kweli ina kazi.

Stendi ya ikweta, na namna ya kuibembeleza

Wazo la stendi hii ni zuri. Mhimili wake mkuu ukilala sambamba na mhimili wa dunia, unafuata nyota kwa kuzungusha waya mmoja tu. Kwetu sisi mhimili huo unatakiwa uangalie kusini, ukiwa umeinuka kutoka usawa wa ardhi kwa digrii zilezile za latitudo ya mahali ulipo. Nairobi ni 1.3, Arusha 3.4, Mombasa 4, Dodoma 6.2, Dar 6.8, Mbeya 8.9. Yaani mhimili umelala karibu kabisa.

Ndipo matatizo yanapoanza. Stendi nyingi ndogo zimetengenezwa kwa ajili ya digrii 30 hadi 60. Ukizishusha, skrubu ya kimo inafika mwisho kwenye 15 au 20, na kile chuma cha uzito kinagonga mguu wa stendi kila unapozungusha. Una njia tatu.

Ya kwanza, igeuze iwe stendi ya kawaida. Kama skrubu ya kimo inaruhusu kufika digrii 90, simamisha mhimili mkuu wima kabisa. Sasa waya mmoja unazungusha kushoto-kulia, mwingine unapandisha na kushusha. Sahau kusini, sahau latitudo. Kwa anayetazama Mwezi na sayari hii ndiyo njia ninayoipendekeza kabla ya nyingine, hata kama muuzaji alikutoza zaidi kwa sababu ya neno "ikweta".

Ya pili, kwa aliye Nairobi, Nakuru, Kampala au Kisumu: lengo lako ni kuulaza tu. Legeza skrubu, shusha mhimili hadi mwisho wake, na tofauti iliyobaki ondoa kwa kuinamisha stendi yenyewe, kama nitakavyoeleza sasa hivi. Kwa kutazama kwa jicho, kukosea digrii mbili au tatu hakuharibu kitu. Nyota itatoroka polepole na utairudisha kwa waya wa pili.

Ya tatu ndiyo kamili, na inafaa yeyote mwenye mota ya kufuatia. Panga miguu ya stendi hivi: miwili upande wa kusini, mmoja kaskazini, ili chuma cha uzito kipite kwenye uwazi kati ya ile miwili badala ya kugonga mguu. Shusha mhimili mpaka skrubu igome. Weka simu yenye programu ya pembe juu ya mhimili mkuu, sambamba nao, na usome. Tuseme inasoma 20 na wewe uko Dar. Unahitaji kushuka digrii 13. Fupisha ile miguu miwili ya kusini, sawasawa, huku ukisoma simu, mpaka ifike 7. Kwa stendi ambayo miguu yake imeachana kama sentimita 80, upande wa kusini utakuwa chini ya wa kaskazini kwa takribani sentimita 16. Kama miguu haifupishiki kiasi hicho, inua wa kaskazini kwa tofali. Kipimo kilichochorwa kwenye stendi sasa hakina maana, kwa sababu stendi yenyewe imeinama, amini simu. Kisha sukuma kichwa cha stendi kwa mkono kuelekea kusini uone kama kinataka kuanguka. Kikitaka, ning'iniza maji kwenye mguu wa kaskazini.

Kusini utakupata kwa dira ya simu, mbali na gari, nondo na kile chuma cha uzito. Ukitaka kuhakiki kwa anga lenyewe, kati ya Aprili na Julai tafuta Msalaba wa Kusini. Katikati ya Mei, mnamo saa tatu usiku, unasimama wima, na moja kwa moja chini yake kwenye upeo ndiko kusini. Ukiwa umelala upande, chukua mti wake mrefu, kutoka nyota ya kichwani kwenda ya mguuni, uurefushe mara nne na nusu. Mwisho wake ndiyo ncha ya anga ya kusini. Disemba na Januari tumia kundi la nyota la Orioni: zile nyota tatu za mkanda huchomoza karibu mashariki kamili na kuzama karibu magharibi kamili. Vijitabu vingine huwaelekeza watu wa kusini kwenye Sigma Octantis. Hiyo ni nyota hafifu ambayo hata Afrika Kusini inataka anga safi. Kwa kimo cha digrii saba, ndani ya ukungu wa pwani, usipoteze usiku kuitafuta.

Sasa mizani. Legeza kishikio cha mhimili mkuu, lala bomba upande mmoja na uzito upande wa pili, kisha sogeza uzito mpaka vibaki vilipo ukiachia mkono. Kaza. Legeza mhimili wa pili, telezesha bomba mbele au nyuma ndani ya pete mpaka nalo litulie. Fanya hivi lenzi na kilengeo vikiwa vimeshafungwa, maana navyo vina uzito. Mota ya bei ndogo haina nguvu ya kubeba bomba lisilo na mizani. Itaguna, itasita, itaunguza betri. Na ikiwa mota ina swichi ya kaskazini na kusini, iweke kusini. Ikibaki kaskazini inakimbia kinyume, nyota inatoroka maradufu, na mtu anadhani darubini ni mbovu.

Mwenye kutaka usahihi zaidi, labda kwa ajili ya picha, atumie nyota yenyewe kama kipimo. Chukua nyota iliyo juu karibu na utosi, weka lenzi ya mm 10, washa mota, subiri dakika tano. Ikibidi kusukuma bomba kaskazini ili nyota irudi katikati, basi mhimili umeelekea mashariki mno; uzungushe kidogo kwenda magharibi. Ikibidi kusukuma kusini, fanya kinyume. Kisha chukua nyota iliyo mashariki, isiyo chini sana. Ikitoroka kusini, mhimili umeinuka kupita kiasi. Ikitoroka kaskazini, umelala mno. Rudia mara mbili tatu. Nyota ikikaa dakika kumi bila kuhama, umefika.

Ya kompyuta

Rimoti itakuuliza mahali, tarehe na saa, na karibu makosa yote hutokea hapa. Latitudo ya Dar ni 6°48' S, longitudo 39°17' E. Hiyo S isiwe N. Ukanda wa saa ni +3 kwa Tanzania, Kenya na Uganda. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo ni +2. Saa ya kiangazi jibu hapana. Tarehe, soma kioo cha rimoti kwanza: rimoti nyingi zinataka mwezi mbele, siku nyuma, kwa hiyo tarehe 5 Agosti ni 08/05. Na saa zinataka kwa mtindo wa 24. Saa mbili na nusu usiku ni 20:30. Ukiandika 2:30, mashine itakulengea anga la usiku wa manane.

Laza stendi kwa pimamaji, kisha chagua mpangilio wa nyota mbili. Nyota nzuri ni zisizo utosini wala karibu na upeo, na zilizoachana vya kutosha. Mnamo saa tatu usiku, Januari tumia Sirius na Capella. Juni, Antares na Arcturus. Septemba, Fomalhaut na Deneb. Ukitaka Alfa Centauri, kwenye rimoti itafute kwa jina la Rigil Kent. Usitumie sayari hata kama ndiyo inayong'aa zaidi, isipokuwa mashine yako inairuhusu kwa jina.

Unapoileta nyota katikati, malizia kila mara kwa vitufe vilevile viwili, cha juu na cha kulia. Meno ya gia yana nafasi ndogo kati yake, na ukimalizia kwa upande tofauti kila mara, nafasi hiyo inaingia kwenye hesabu. Tumia lenzi ya mm 10 hapa, si ya 25. Katikati ya duara pana ni pa kukisia.

Vioo vikikaa upande

Hii ni kwa wenye darubini ya kioo tu. Mwenye ya lenzi apite. Barabara zetu zinatosha kuhamisha kioo. Jipime kwa nyota: chagua iliyo juu, iweke katikati kwa lenzi ya mm 10, kisha haribu fokasi kidogo mpaka nyota iwe mviringo wenye kivuli cheusi ndani yake, kama andazi lenye tundu. Kivuli kikiwa katikati, usiguse kitu. Kikiwa kimeegemea upande, nenda nyuma ya bomba kwenye zile skrubu tatu za kioo kikuu. Legeza za kufungia, kisha geuza moja ya kurekebishia kwa robo mzunguko, nyota itahama. Irudishe katikati, tazama tena. Ukiwa na msaidizi anayegeuza wewe ukichungulia, ni kazi ya dakika kumi. Kioo kidogo cha mbele kiache, isipokuwa umehakikisha kuwa ndicho kilichopinda.

Usiku wa kwanza

Anza na Mwezi, ukiwa robo na si mpevu. Kwenye mstari wa mwanga na giza mashimo yanaonekana kwa vivuli vyake. Kila mara ingia kwa lenzi ya mm 25, uipande ya mm 10 kitu kikishakaa katikati. Kwa ukuzaji wa mara 28 Mshtarii inaonyesha miezi yake minne, iliyopangika kwenye mstari, na ukirudi kesho imebadilishana nafasi. Pete za Zohali zinataka mara 50 au zaidi ili zijitenge vizuri. Zuhura itaonekana kama mwezi mdogo, mara mchanga, mara karibu kujaa, bila kitu kingine, usiiandame.

Kilimia kinajaa vizuri ndani ya lenzi ya mm 25, kwa ukuzaji mkubwa zaidi kinakatika. Halafu uende kusini, kwenye vitu ambavyo vijitabu vya kaskazini havivitaji: Omega Centauri, fungu la nyota linaloonekana kama donge la ukungu, ambalo Dar linapanda hadi karibu digrii 50 mnamo Mei na Juni. London halichomozi kabisa.

Umande, chumvi na kuvu

Pwani lenzi ya mbele itaanza kulowa mnamo saa nne. Usiifute. Kata kipande cha mkeka wa povu wa mazoezi, kizungushe kwenye mdomo wa bomba kitokeze mbele mara moja na nusu ya upana wake, kikaze kwa mpira. Ikilowa hata hivyo, ingiza ndani, acha ikauke yenyewe ikiwa wazi, na usizibe kifuniko juu ya unyevu. Kuvu ikishaotea ndani ya lenzi inakula hata ile rangi ya kinga, na fundi wa kuiondoa ni adimu.

Hifadhi lenzi za jicho kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyotoka kwenye viatu vipya. Vikishiba, vianike juani siku nzima au uvibadilishe. Vumbi lipulize kwa pampu ya mpira, si kwa mdomo, maana mate yana chumvi. Vioo vya darubini ya Newton havioshwi mpaka iwe lazima kabisa. Vumbi kidogo haliharibu picha, kitambaa kinakwaruza kioo. Skrubu za chuma za stendi zipake mafuta ya cherehani kila baada ya miezi michache, na ukae na alenki yake kwenye begi hilohilo, kwa sababu ukubwa unaohitajika ndio usiopatikana dukani usiku.